Leva gani haivunjiki kwa tairi la baiskeli ya mbio linalobana sana?

mwalimu_nyamasaria (Kisumu)

Habari zenu wakuu. Natafuta leva za kutolea tairi ambazo hazitaniacha njiani. Baiskeli yangu ni ya mbio, ya mtumba. Magurudumu niliyonayo yana rimu za alumini, zile zinazokubali tairi la tyubu na pia lisilo na tyubu. Tairi ni 700x28, jipya, la kukunja. Kampuni siitaji kwa sababu sijui kama shida ni ya tairi au ya rimu, na hilo pia ni sehemu ya swali langu.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Awasi kurudi mjini, gurudumu la nyuma likapata pancha kabla sijafika Ahero, katikati ya mashamba ya mpunga. Tyubu ya akiba ninayo, pampu ninayo, leva ninazo, zile nyembamba za plastiki zinazouzwa pakiti moja na viraka na gundi. Ya kwanza ilikatika ncha. Ya pili ikapinda hadi ikawa haina kazi. Ukingo wa tairi haukuinuka hata kidogo. Kijana wa pikipiki akasimama, akanipa bisibisi. Nikamshukuru, nikamrudishia. Fundi wa pale karibu akaja na kijiko cha chuma, na kijiko kweli kilitoa tairi, ila kimeacha mkwaruzo kwenye rimu ambao nikipitisha ukucha nauhisi. Kurudisha tairi ndiko kulikuwa na vita. Kipande cha mwisho, kama upana wa kiganja, kilikataa katakata. Fundi alipokilazimisha kwa kijiko tyubu mpya ikabanwa, ikatoboka. Nikapanda matatu, baiskeli juu ya keria, na nauli yake nikalipa kama ya mtu.

Sasa, pale Kibuye kuna mzee anayefua vyuma. Amesema atanitengenezea leva mbili za springi ya gari kwa shilingi mia tatu, na hizo anasema nitawaachia wajukuu. Je, nichukue hizo? Au niagize za plastiki ngumu kutoka Nairobi? Mikono yangu ni ya kushika chaki, nguvu za vidole sina nyingi.

riat_kila_jumapili (Kisumu)

Pole sana mwalimu. Tafuta zenye chuma ndani na plastiki nje. Park Tool wanazo, TL-6.2. Mimi natembea nazo kwenye mfuko wa jezi nikipanda Riat na hazijawahi kukatika. Zile za pakiti moja na viraka ni za kujazia pakiti tu.

mamba_wa_busia

Mnapenda kusumbuka nyinyi wa baiskeli za bei. Sisi tulivusha watu mpakani Busia kwa Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma, mtu nyuma na mzigo wake mapajani, na pancha zilikuwa kila siku. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa anatoa tairi kwa mikono. Ukiona amechukua mkia wa kijiko, ujue tairi ni jipya kutoka dukani. Mwalimu, nenda Kibuye uchukue chuma. Chuma ni chuma.

dada_fundi_section58 (Nakuru)

Mwalimu, pole. Mimi ni fundi hapa Nakuru. Jumamosi mchana mlango wangu hujaa baiskeli za watu waliotoka kupanda Njoro hadi Mau Narok, na nusu ya mazungumzo yao ni tairi. Nianze na leva kwa kuwa ndizo ulizouliza, lakini nakwambia mapema kwamba nitakaa zaidi kwenye rimu.

Leva ina kazi mbili zinazogombana. Ncha iwe nyembamba ili ipenye kati ya tairi na rimu, na shina liwe nene lisipinde. Plastiki ya bei rahisi haiwezi zote mbili, ndiyo maana zako zilikatikia nchani. Pedro's wa Marekani walitatua hilo kwa upana. Leva zao ni plastiki tupu, hazina chuma, ila ni pana na nene, na ncha nayo ni pana, kwa hiyo nguvu inaenea kwenye ukingo wa tairi badala ya kubonyeza nukta moja. Mara nyingi utazikuta za manjano. Hizo ndizo ziko mezani kwangu. Alizotaja Riat ni nzuri pia, na kwa tairi gumu kweli zina nguvu kushinda zangu. Ila uzikague. Siku plastiki ya ncha itakapolika chuma kikaanza kuchungulia, hiyo si leva ya plastiki tena. Iondoe kwenye rimu za alumini, na kwenye rimu za kaboni hata usiisogeze.

Za Kibuye acha. Sisemi mzee hajui kazi yake, springi ya gari ni chuma kizuri sana, na hapo ndipo shida ilipo. Alumini ni laini mbele yake. Kila ukigandamiza, inayokubali kuumia ni rimu, na mkwaruzo ukishakuwa na kona kali unaanza kula tairi na tyubu. Umeshauona mmoja. Halafu tairi lako ni la kukunja. Ndani ya ukingo wake hakuna waya, kuna nyuzi za aramidi, ndugu zake Kevlar. Nyuzi hizo hazivutiki, na kubanwa na ncha nyembamba ya chuma hazipendi. Zikikatika chache huoni kitu kwa nje, lakini ukijaza upepo tairi linaweza kuruka nje ya rimu. Ukiwa unateremka Riat sijui utamwita nani.

Mamba wa Busia, kwa Black Mamba uko sawa kabisa. Rimu yake ni chuma, tairi ni la waya, 28 x 1½, na kipimo cha pale linapokalia ni milimita 635. Waya wake una ulegevu kidogo tangu kiwandani. Tairi la 700 kama la mwalimu kipimo hicho ni milimita 622, na hizi rimu mpya zinazokubali tairi lisilo na tyubu zimetengenezwa zibane makusudi, kwa sababu upepo hauna tyubu ya kuuzuia. Baba yangu alitengeneza Black Mamba maisha yake yote hapa hapa Nakuru, na leva hakuwahi kununua. Lakini ungempa tairi la mwalimu angekurudishia.

Sasa rimu. Ukitoa tairi na tyubu ukatazama ndani, katikati kuna mtaro, na pande zote mbili za mtaro kuna mabega. Tairi likishajazwa upepo, ukingo wake hukaa juu ya bega. Mtaro ni wa wakati wa kuvaa na kuvua. Ukingo ukiingia mtaroni unazunguka duara dogo kuliko la begani, na urefu unaobaki unahamia kule unakohangaika nao. Hesabu yake mwalimu utaifanya kichwani: kila milimita moja ya kina inakupa karibu milimita sita za ulegevu, kwa sababu ya pai mara mbili. Mtaro wa milimita tatu ni kama sentimita mbili nzima. Tofauti ya tairi linalovaliwa kwa vidole na tairi linalovunja leva iko hapo, haiko kwenye misuli.

Na ni kitu gani kinakaa ndani ya mtaro huo? Mkanda wa rimu, ule unaofunika matundu ya spoki. Baiskeli nyingi za mtumba zinakuja na mkanda mnene wa kitambaa au wa mpira. Ukiwa na unene wa milimita moja umekula zile milimita sita zako kabla hujagusa leva. Mkanda wa rimu zisizo na tyubu ni mwembamba, haufiki nusu milimita, na unafanya kazi hata kama wewe unatumia tyubu, mradi uwe unafunika matundu yote vizuri. Kabla hujatuma pesa Nairobi, fungua uone una mkanda gani.

Kuvaa ni hivi. Upande wa kwanza wa tairi hausumbui. Ingiza tyubu ikiwa na upepo kidogo tu, wa kuipa umbo, isijikunje. Upande wa pili anzia mkabala na valvu, umalizie kwenye valvu. Valvu yenyewe imesimama katikati ya mtaro, kwa hiyo pale ukingo hauwezi kuzama. Ukianzia hapo, umeutupa mtaro bure. Ukimalizia hapo, kwingine kote kumezama. Ukibakiza kipande kile cha kiganja, simama kwanza. Toa upepo wote. Zunguka tairi zima kuanzia chini, bana pande zote mbili kwa vidole zikutane katikati, na kila unapopanda unavuta ulegevu kuelekea juu. Rudia. Watu hufanya mara moja, haraka haraka, halafu wanachukua leva. Hata mimi mikono yangu ni midogo, na wale wateja wanaoingia wakauliza fundi mwenyewe yuko wapi huwa nawapa tairi lao wajaribu kwanza.

Kipande cha mwisho usikisukume kwa ncha za vidole, kivingirishe kwa kitako cha kiganja, kidogo upande huu, kidogo upande ule. Likiingia, sukuma valvu juu ndani ya tairi kisha ivute, ili tyubu isibanwe chini ya ukingo. Zunguka tena ukitazama kama kuna tyubu inayochungulia. Ndipo upepo.

Kutoa ni kinyume chake. Toa upepo wote, halafu sukuma tairi kwa dole gumba kutoka begani liingie mtaroni, duara zima, pande zote mbili. Rimu hizi hushika ukingo kwa nguvu, mwingine inabidi ulaze gurudumu kwenye majani ukanyage tairi taratibu. Kisha leva ya kwanza iingie karibu na valvu, si juu yake, na ya pili kama spoki mbili pembeni. Ikikataa, isogeze karibu na ya kwanza, usiongeze nguvu.

mamba_wa_busia

Dada, nimesoma yote hayo na chai imepoa. Lakini hapo kwa valvu sikubaliani. Sisi tunaanzia kwa valvu ili ikae imesimama sawa. Ukiimalizia mwisho inalala upande, tyubu inachanika shingoni.

dada_fundi_section58 (Nakuru)

Kwa Black Mamba anzia popote, kaka yangu, ulegevu upo. Na valvu hainilalii kwa sababu naiingiza kwenye tundu lake tangu mwanzo na kuipa nati nyuzi mbili tatu tu, bila kuikaza. Kinachomalizia kwenye valvu ni ukingo wa tairi. Ile ya kulala upande husababishwa na tyubu iliyovutwa ikajipanga vibaya. Ukiona imelala, sogeza tairi na tyubu pamoja kwenye rimu kabla ya kujaza.

kakamega_hadi_webuye

Naongeza mawili. La kwanza, sabuni. Maji kidogo yenye sabuni ya vyombo, pakaza kwenye ukingo pale mwisho tu, tairi linateleza lenyewe. Msitumie oili wala grisi, inakula mpira. La pili, kata tyubu kuukuu vipande vya kama mkono mmoja. Ukifika kile kipande cha mwisho, upande mmoja unavyoingiza upande mwingine unatoka, si ndiyo? Funga tairi na rimu kwa hivyo vipande vya tyubu pale pembeni, pande zote mbili. Hapo ni kama una mikono minne. Mimi hubeba viwili vimezungushwa kwenye fremu chini ya kiti.

Na tairi jipya likiwa limekunjwa kwenye boksi miezi, lianike juani kidogo kabla ya kulivaa. Kisumu jua si la kuazima.

riat_kila_jumapili (Kisumu)

Hiyo ya tyubu kuukuu naichukua. Dada fundi, swali dogo. Kuna kile kidude kirefu cha plastiki, mtu anakiweka kwenye rimu anavuta tairi linaruka ndani. Kinafaa?

dada_fundi_section58 (Nakuru)

Kinafaa sana, kwa nyumbani. Kool Stop wanatengeneza kimoja. Kina mkono mrefu, kichwa kinaegemea rimu ya upande wa pili, na kulabu inashika ukingo kutoka nje na kuuvuta juu ya rimu. Uzuri wake ni kwamba hakiingii ndani kabisa, kwa hiyo hakiwezi kubana tyubu. Leva ukiitumia kuvalisha tairi, inapita hapo hapo tyubu ilipo, na pancha nyingi za "nimeweka tyubu mpya ikatoboka papo hapo" zimetoka huko. Utazijua, kitundu kinakuwa upande wa ndani au pembeni, hakiko kule kunakogusa barabara. Ubaya wa kidude ni urefu, hakiingii mfuko wa jezi. Ukiwa na karakana au ukiwa na watoto wenye baiskeli nyumbani, nunua. Kwa safari ya Awasi, mikono na leva mbili.

mwalimu_nyamasaria (Kisumu)

Nawashukuru nyote, hasa dada fundi. Nimefungua gurudumu la nyuma jioni hii hapa sebuleni, mama watoto akilalamika juu ya zulia. Mkanda sio mmoja, ni miwili. Chini kuna mkanda mwembamba wa manjano uliokaa vizuri, umefunika matundu yote. Juu yake aliyekuwa nayo kabla yangu alivalisha mpira mweusi mnene, sijui kwa nini, labda aliogopa spoki. Nimepima ule mweusi na rula ya shule, hesabu yangu ni milimita moja au zaidi kidogo. Yaani kama sentimita nzima ya ulegevu ilikuwa imefungiwa humo, kwa sababu na ile nyembamba nayo haiwi sifuri.

Nimeutoa mweusi. Nimevalisha tairi kwa mpangilio ulionipa, mkabala na valvu kwanza, nikazunguka kubana, na vipande vya tyubu vya Kakamega pembeni. Limeingia kwa viganja. Si kirahisi, jasho limenitoka, lakini leva haikugusa rimu.

Sasa naomba kuuliza tena. Je, bado ninunue leva, au hii pesa niiweke kwenye tyubu za akiba?

riat_kila_jumapili (Kisumu)

Omera, nunua leva. Kule Kisian usiku wa mvua hutakuwa na zulia.

dada_fundi_section58 (Nakuru)

Nunua. Kuvaa umeshinda, lakini kutoa bado utazihitaji, kwa sababu ukingo ukishakaa begani na upepo ukaupiga siku kadhaa, vidole havitautoa. Pana za plastiki mbili zinatosha. Ya tatu ni ya kupoteza kwenye majani. Kama utapata zenye chuma ndani kabla ya hizo, chukua hizo.

Ila kwanza hakikisha jambo moja kwenye ule mkanda wa manjano. Pitisha kidole juu ya kila tundu la spoki. Kama mkanda umezama ndani ya tundu, au ukingo wake umeanza kujikunja, uweke mwingine mpya mwembamba wa upana wa ndani wa rimu yako. Usirudishe ule wa mpira. Na ule mkwaruzo wa kijiko, chukua msasa laini sana, namba kubwa, uusugue taratibu hadi ukucha usikwame, kisha ufute vumbi lote kabla ya tairi kurudi.

mwalimu_nyamasaria (Kisumu)

Sawa fundi. Msasa ninao, namba 600. Inatosha au nitafute laini zaidi?

dada_fundi_section58 (Nakuru)

Inatosha. Ulowanishe na maji, na usiguse pale breki inapokamata kama breki zako ni za kubana rimu.